Ruta Ikijibu "Hakuna": Kuzuia Matangazo kwa Nyumba Nzima

Kwa miaka mingi kompyuta yangu imekuwa na kiendelezi cha kuzuia matangazo kwenye kivinjari, na kwangu mimi kilitosha. Kilichonipeleka kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, ni vifaa visivyo na mahali pa kuweka kiendelezi: runinga ya sebuleni, simu ambazo watoto huchezea michezo, na zaidi ya vyote kishikwambi cha mama yangu. Mama hupenda kusoma habari. Katikati ya habari hujitokeza kibao kinachowakawaka na kumwambia kifaa chake kimejaa virusi, abofye hapa kukisafisha. Yeye hana sababu ya kukitilia shaka. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu, kina alama ya tahadhari, na kinafanana kabisa na maonyo ya kweli ambayo tumemsihi asiyapuuze. Alikuwa anabofya, na zaidi ya mara moja nimeondoa kwenye kishikwambi hicho programu ambazo hakuna aliyekumbuka kuziweka. Nikaamua kwamba usalama wa mama usitegemee uwezo wake wa kutofautisha vibao viwili vinavyofanana. Kibao kisimfikie.

Ili mtu aelewe jinsi ruta inavyoweza kufanya hivyo, lazima aelewe jambo moja: mtandao huanza kwa maswali. Kabla ukurasa haujafunguka, kifaa huuliza jina fulani lina anwani gani ya namba, na kazi ya kujibu hufanywa na mfumo wa DNS. Kabla ya mfumo huo, majina yote yaliwekwa katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila aliyekuwa mtandaoni alilazimika kuchukua nakala yake. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS kwa sababu faili hilo lilishindwa kwenda na kasi ya ukuaji. Lakini faili la hosts halikufa. Limo ndani ya kompyuta hadi leo, na watu wa kwanza kuzuia matangazo kwa njia hii walilitumia hilo hilo: waliandika jina la seva ya matangazo na kando yake anwani isiyokwenda popote.

Ukurasa mmoja wa habari hauulizi jina moja. Huuliza jina la gazeti lenyewe, kisha la seva ya picha, kisha mlolongo wa majina ambayo msomaji hajawahi kuyasikia: doubleclick.net, ambayo Google iliinunua na kukamilisha ununuzi mwaka 2008, na mengine mengi ya kampuni zinazopima nani amesoma nini, kwa muda gani, akitokea wapi. Kila jina ni swali. Ni kama mgeni anayeuliza nyumba ya fulani iko wapi. Akiambiwa hakuna nyumba hiyo, hurudi alikotoka. Ruta ikijibu kwamba jina la seva ya matangazo halipo, au ikitoa anwani ya 0.0.0.0, kifaa hakina pa kwenda. Tangazo halifichwi, halipakuliwi kabisa. Data haitumiki, na kampuni iliyokuwa inasubiri kujua kwamba mama amefungua ukurasa ule haipati habari. Hilo la mwisho ndilo nililolithamini zaidi kadiri siku zilivyokwenda, kuliko hata kutoweka kwa picha zenyewe.

Njia rahisi kuliko zote ni kuingia kwenye ruta uliyopewa na mtoa huduma wako na kubadilisha seva za DNS ziwe za huduma ya umma inayochuja. AdGuard, kwa mfano, wana huduma hiyo kwenye anwani 94.140.14.14 na 94.140.15.15, na haihitaji kujisajili. Kwa mtu asiyetaka kushughulika zaidi, hapo panatosha, na huwaambia hivyo wanaoniuliza. Ruta yangu haikukubali. Ukurasa wake wa mipangilio ulionyesha seva za DNS kwa rangi ya kijivu, visanduku havikuandikika. Wengi hukwama hapa, na baadhi yao hununua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, huweka Pi-hole au AdGuard Home, programu za kuchuja majina kwa nyumba nzima, kisha huzima ugawaji wa anwani kwenye ruta na kuiachia kompyuta hiyo kazi hiyo. Ni njia nzuri na ina wafuasi wengi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu kinachowaka saa zote, si viwili, kwa hiyo nilitafuta ruta yangu mwenyewe, nikaichomeka nyuma ya ile ya mtoa huduma, nikaiwekea OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta.

Historia ya OpenWrt ni mojawapo ya sababu zilizonivuta. Ruta ya Linksys WRT54G ilipotoka, wataalamu waligundua kuwa ndani yake kuna mfumo huria wa Linux, ambao leseni yake inamtaka mwuzaji atoe msimbo chanzo. Shinikizo likawa kubwa, msimbo ukatolewa, na mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt juu ya msingi huo. Leo unaendesha ruta za kampuni nyingi. Kwangu ina maana kubwa kwamba kifaa kinachoona kila kitu nyumbani kinaendeshwa na programu ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Kabla ya kununua, angalia kumbukumbu za ruta na toleo la vifaa vyake vya ndani, si jina la nje peke yake. Ruta mbili zenye jina moja na boksi moja zinaweza kuwa na chipu tofauti, na mfumo uliotengenezwa kwa moja ukaiua nyingine. Toleo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha chini. Mradi wenyewe umeshaachana na ruta zenye MB 4 za hifadhi na MB 32 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na hata zile za MB 8 na 64 huonywa kuwa ni finyu. Kwa kazi hii RAM ndiyo muhimu, kwa sababu orodha ya majina ya kuzuia hukaa humo. Yangu ina MB 256, na orodha ya makumi ya maelfu ya majina haijawahi kuilemea.

Kuweka mfumo wenyewe sitakusimulia sana. Tumia waya, si Wi-Fi. Ujue kwamba OpenWrt huanza bila nenosiri na, kwa kawaida, Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukiona ukimya hewani usidhani ruta imekufa. Anwani yake ya mwanzo ni 192.168.1.1, na kama ruta ya mtoa huduma inatumia anwani hiyo hiyo, mbili hizo zitagongana na hakuna kitakachofunguka. Hamisha yako iende 192.168.2.1 kabla ya kuziunganisha. Baada ya hapo, kwenye LuCI, ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt, unaongeza kifurushi cha adblock na kile cha luci-app-adblock, unachagua orodha, unawasha. Kisha zima Wi-Fi ya ruta ya zamani. Hili dogo huokoa maswali mengi, kwa sababu simu zina mazoea ya kurudi kwenye jina la Wi-Fi zilizolizoea, na huko hakuna kinachochujwa.

Siku hiyo hiyo kishikwambi cha mama kilibadilika. Kurasa zilifunguka upesi na vibao vyekundu vikatoweka. Michezo ya watoto iliacha kusimama kila baada ya hatua moja. Runinga ya sebuleni ndiyo iliyobaki vilevile: ukurasa wake wa mwanzo uliendelea kuonyesha tangazo kubwa la filamu ambayo hakuna aliyeiomba.

Nilifungua ripoti ya adblock nikatafuta maswali ya runinga. Hayakuwepo. Simu, kompyuta, kishikwambi, vyote vilikuwa vinaiuliza ruta. Runinga haikuwa imeuliza hata jina moja, ingawa ilikuwa inacheza video mbele ya macho yangu. Nikatumia tcpdump, programu ya kuchungulia trafiki, kuangalia paketi (vipande vya data) zinazotoka kwenye anwani yake, na jibu likaonekana papo hapo: maswali yote yalikuwa yanakwenda 8.8.8.8, seva ya umma ya Google. Waliotengeneza mfumo wa runinga waliiandika anwani hiyo ndani yake. Ruta iliitangazia runinga seva ya DNS ya nyumbani kwa utaratibu wa kawaida, nayo ikaendelea kuuliza inakotaka.

Dawa yake ni kanuni moja kwenye fayawali, sehemu ya ruta inayosimamia trafiki: swali lolote linalotoka ndani ya nyumba kwenda poti namba 53, mlango wa maswali ya DNS, hata kama limeandikiwa nani, ligeuzwe lije kwa ruta. Runinga huuliza 8.8.8.8, ruta hujibu, na jibu hurudi likiwa limeandikwa kwamba limetoka 8.8.8.8. Runinga haiwezi kujua. Ilifanya kazi mara moja, na nilipaswa kufurahi, lakini nilikaa nikiliwazia kwa muda. Swali la DNS la kawaida husafiri wazi na jibu lake halina sahihi ambayo runinga ingeikagua. Nilichokifanya mimi sebuleni kwangu, mtoa huduma anaweza kunifanyia mimi, na mwenye nguvu yeyote aliye katikati ya njia anaweza kuwafanyia watu wa nchi nzima. Kinachonitofautisha nao ni kwamba wanaoathirika wanaishi nami na wanaweza kunigongea mlango.

Baada ya kanuni hiyo maswali ya runinga yakaanza kuonekana, na hapo ndipo nilipopata picha ya kifaa nilichokileta nyumbani kwa hiari yangu. Iliuliza majina ya seva za matangazo na za vipimo ikiwa inatumika, na pia usiku wa manane ikiwa skrini imezimwa na sisi tumelala. Runinga janja nyingi zina teknolojia ya kutambua kinachoonyeshwa: huchukua sampuli za picha zilizo kwenye skrini, huzilinganisha na hazina kubwa ya vipindi, na kupeleka taarifa kwa kampuni. Huu si uvumi. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyofunguliwa na tume ya biashara ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey, kwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila wenye nazo kuridhia. Runinga yangu si ya kampuni hiyo, lakini niliingia kwenye mipangilio yake nikatafuta kipengele kama hicho. Kilikuwepo, kimewashwa, chini ya jina la kirafiki linalohusu kuboresha mapendekezo. Nilikizima hapo kwanza, kisha nikayazuia majina kwenye ruta. Naona hatua zote mbili zinahitajika, kwa sababu sasisho la mfumo huweza kuwasha tena ulichokizima.

Poti 53 si njia pekee ya kutoroka. Tangu mwaka 2016 kuna kiwango cha kusimba maswali ya DNS, yaani kuyafunga yasisomwe njiani, kupitia poti 853, na tangu 2018 kuna kingine, DoH, kinachoyapitisha ndani ya trafiki ya kawaida ya tovuti kwenye poti 443, ambayo huwezi kuifunga bila kufunga mtandao wote. Kivinjari kinachotumia DoH hakiulizi ruta chochote. Firefox wameacha mlango wa heshima: kivinjari huuliza jina use-application-dns.net, na ruta ikijibu kwamba halipo, Firefox hujizuia kutumia DoH, isipokuwa kama mtumiaji ameiwasha mwenyewe kwa mkono. Simu za Android, kuanzia toleo la 9, zina sehemu ya DNS ya faragha. Mtu akiandika humo jina la huduma anayoitaka, simu yake haipiti kwangu tena. Vifaa vya Apple vyenye huduma ya kuficha trafiki huuliza mask.icloud.com, na ukilizuia jina hilo mtumiaji huambiwa kuwa mtandao huu hauiruhusu huduma hiyo.

Nilifika mahali pa kuamua nifukuze hadi wapi. Ningeweza kufunga poti 853, ningeweza kukusanya orodha za seva za DoH zinazojulikana na kuzizuia zote. Msimamo wangu ni huu: kifaa kisicho na mwenyewe wa kukisemea, kama runinga, nakibana kabisa. Simu ya mtu mzima aliyechagua kwa makusudi seva yake mwenyewe, naiacha. Yeye amefanya uamuzi, runinga haikuamua kwa niaba ya yeyote nyumbani. Mdogo wangu, tunayeishi naye, ameweka DNS yake kwenye simu, na hilo halijanikera hata kidogo.

Kosa ninaloliona sana kwa wanaoniomba msaada ni seva ya pili. Ruta zina visanduku viwili vya DNS, na watu hujaza cha kwanza seva inayochuja na cha pili 8.8.8.8 "kwa dharura". Vifaa havichukulii cha pili kuwa akiba. Vingine huuliza vyote viwili kwa zamu, vingine huchukua kilichojibu upesi, na matangazo hupenya kwa vipindi visivyoeleweka. Visanduku vyote viwili vijazwe seva zinazochuja, au cha pili kiachwe tupu. Jambo la aina hiyo hiyo hutokea kwa wenye Pi-hole ambao ruta yao ina IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao: wamebadilisha seva upande wa IPv4, mfumo wa zamani, pekee, na ruta inaendelea kuvitangazia vifaa seva yake kwa upande wa pili. Mtu huapa kwamba kila kitu kiko sawa, na kila anachokiona kweli kiko sawa.

Sasa nizungumzie kuharibika kwa vitu, kwa sababu huko ndiko kazi hii hushindikana majumbani, si kwenye fayawali. Orodha za kuzuia hutengenezwa na watu, wengi wao wa kujitolea, na hutofautiana kwa ukali. Ya Steven Black ni ya wastani na hukusanya vyanzo kadhaa. Nyingine hukata kila kinachonusa ufuatiliaji, na zinavutia sana kwa sababu idadi ya majina yaliyozuiwa huonekana kubwa kwenye ukurasa wa takwimu. Jioni moja mdogo wangu alikuja na simu mkononi.

"Dada, mtandao umekufa tena?"

Alikuwa amepata barua pepe kuhusu kazi aliyoiomba, ikimtaka abofye kiungo kuthibitisha siku ya usaili. Kiungo kilifungua ukurasa mweupe. Sababu ni kwamba kampuni nyingi hutuma barua kupitia huduma zinazopima nani amebofya. Kiungo hupita kwanza kwenye jina la huduma hiyo ya vipimo, kisha ndipo hufika kwenye tovuti halisi. Orodha kali ilikuwa imelizuia jina la kati. Tuliliruhusu, kashe ya simu (majibu iliyoyahifadhi kwa muda) ikaisha muda wake, kiungo kikafunguka. Lakini nilibaki na lile neno lake, "tena". Maana yake kuna mara nyingine jambo lilikwama, akanyamaza, akatumia data ya simu yake. Mtu anayepambana na ukurasa mweupe hajui kama ni tovuti, ni mtoa huduma, au ni dada yake. Nimebaki na orodha moja ya wastani tangu hapo, na sijajutia matangazo machache yanayopenya. Matokeo ya kwanza ya utafutaji yenye alama ya tangazo hayafunguki nyumbani kwetu, michezo inayotoa zawadi kwa kutazama tangazo haitoi zawadi, na haya nimewaeleza wote mapema ili wasiyaone kama hitilafu.

Kuna pia yasiyowezekana. DNS huona jina, haioni ukurasa. Matangazo ya YouTube hutoka kwenye seva zile zile za video, kwa hiyo ukizuia jina umezuia video yenyewe. Tovuti ikihifadhi matangazo chini ya jina lake, hakuna cha kukamata. Wengine huenda mbali zaidi: hutengeneza jina dogo chini ya kikoa chao na kuliunganisha kwa siri na seva ya mfuatiliaji, ili swali lionekane la nyumbani. Pi-hole ilianza kukagua muunganiko wa namna hiyo katika toleo la 5, mwaka 2020. Kwa hiyo kiendelezi sikukiondoa kwenye kompyuta yangu. uBlock Origin kinaona ndani ya ukurasa na kufuta hata maboksi matupu yanayobaki. Lakini mwaka 2024 Chrome ilianza kuondoa viendelezi vya mtindo wa zamani, hicho kikiwemo, na tukio hilo lilinithibitishia thamani ya kuwa na kinga ambayo kampuni ya kivinjari haiwezi kuibatilisha kwa sasisho.

Kuhusu tovuti zinazoishi kwa matangazo, nina uchungu nazo kweli. Kiendelezi hukuruhusu kuacha matangazo kwenye gazeti unalolipenda. Ruta haiwezi, kwa sababu jina likizuiwa limezuiwa kila mahali. Mimi hulipia magazeti mawili ninayoyasoma. Naamini kabisa kwamba mwandishi anastahili kulipwa, na naamini vilevile kwamba malipo hayo hayapaswi kuwa kumwanika mama yangu kwa walaghai.

Jambo zito kuliko yote lilikuja bila kutafutwa. Nilipokuwa nachunguza ile runinga, ripoti ilikuwa mbele yangu na vifaa vyote vimeorodheshwa. Nikaona jina la tovuti ya afya kutoka simu ya binti yangu, saa nane za usiku. Sikubofya, sikutafuta zaidi, nilifunga ukurasa. Lakini nilikuwa nimeshaona. Msichana wa miaka kumi na sita aliuliza mtandao jambo ambalo hakuwa tayari kumwuliza mama yake, na ruta niliyoiweka ili kutulinda na wanaotufuatilia ilikuwa imeniletea swali lake mezani.

Nilimwambia. Sikutaja tovuti, nilimweleza kwamba ruta ina uwezo wa kuonyesha majina ya tovuti kwa kila kifaa, na kwamba nimeuzima. Aliniuliza, "Mama, na yule anayetuuzia mtandao, yeye haoni?" Ndiyo, anaona, au angeweza kuona. Maswali ya DNS ya nyumba yetu yalikuwa yanapita kwake wazi siku zote. Swali lake ndilo lililonifanya nikamilishe kazi: niliongeza kifurushi cha https-dns-proxy, na sasa ruta hupeleka maswali yaliyosalia kwa Quad9 yakiwa yamesimbwa. Quad9 ni shirika lisilo la faida lililohamishia makao yake Uswisi mwaka 2021, na seva yake ya 9.9.9.9 hukataa pia majina yanayojulikana kwa programu hasidi, jambo linalomfaa mama. Mtoa huduma bado huona anwani za namba tunazokwenda, na mara nyingi jina la tovuti wakati muunganisho unaanza, kwa hiyo sikumdanganya binti yangu kwamba sasa hatuonekani. Nilimwambia tumepunguza.

Ripoti huwashwa tu pale mtu anapolalamika kwamba kitu fulani hakifunguki, yeye akiwepo, na huzimwa tukimaliza. Wanaotaka takwimu za kupendeza watasema nakosa mengi. Najua ninachokosa, na nakikosa kwa kupenda.

Usimbaji huo ulileta tatizo moja ambalo linafaa kujulikana mapema. Ruta nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huamka ikiwa na saa iliyobaki nyuma, na vyeti vya usalama hukataliwa kama saa imepotoka sana. DNS iliyosimbwa haifanyi kazi. Na ili kurekebisha saa, ruta inahitaji kuuliza jina la seva ya muda, kwa DNS ambayo haifanyi kazi. Suluhisho ni kuiandikia ruta anwani ya namba ya seva ya muda, au kuruhusu majina ya seva za muda yaulizwe bila usimbaji. Nyingine ya kuzingatia: ukisasisha OpenWrt kwa faili la kawaida, mipangilio hubaki lakini vifurushi ulivyoongeza huondoka, kwa hiyo orodha yake iwe imeandikwa mahali.

Mimi nimeiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa ruta. Ina anwani ya kuingilia, mahali lilipo nenosiri, jinsi ya kusitisha adblock kwa kubofya mara moja, jinsi ya kuruhusu jina moja, na orodha ya vifurushi. Pia kuna Wi-Fi ya pili ya wageni ambayo haichujwi matangazo, inayopewa seva ya 9.9.9.9 moja kwa moja na isiyoguswa na ile kanuni ya poti 53. Mgeni hakuomba nimchagulie majina, na mtu wa nyumbani akikwama saa ambayo sipo, ana pa kukimbilia. Wiki iliyopita nikiwa safarini binti yangu aliniandikia kwamba tovuti ya shule ilikuwa haionyeshi video za masomo. Kabla sijajibu akaandika tena: alifuata karatasi, akawasha ripoti bibi yake na mjomba wake wakijua, akaliona jina lililozuiwa, akaliruhusu, akaizima ripoti.